Tueleze Wakati Ambapo Ulibishana na Bosi

Kazi yenyewe haina mshahara. Naanza hapo ili msomaji ajue tunagombea nini. Ni mafunzo kwa vitendo, wenyewe wanaita fildi, ya wiki nane katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, ofisi ziko Kurasini. Nauli juu yako, chakula juu yako, na ukivunja stepla nadhani nayo itakuwa juu yako. Kwa nafasi hiyo ya kubeba mafaili bure, mpwa wangu anayesoma ununuzi na ugavi chuo kimoja hapa Dar ameitwa kwenye usaili wa watu watatu. Na kwa kuwa anakaa kwangu Mbagala, na jioni mimi ndiye ninayeonekana sina shughuli, nimeteuliwa kuwa hao watu watatu.

Zamani fildi haikuwa na mbwembwe. Mwanafunzi alichukua barua ya utambulisho chuoni, akazunguka nayo maofisini hadi bahasha ikaota madoa ya jasho, akakutana na mama mmoja wa masijala mwenye huruma, akaambiwa njoo Jumatatu. Jumatatu akaanza kupiga fotokopi na kufuata vitumbua vya bosi. Wiki zikiisha, msimamizi alisaini logibuku yote kwa mkupuo, kurasa zote, kwa kalamu moja, bila kusoma. Mimi kazi yangu ya kwanza niliipata kwa maswali mawili: najua kupiga taipu, na mimi ni mtoto wa nani. La pili ndilo lililonipa kazi, maana la kwanza nilidanganya.

Siku hizi wanataka hadithi. Mpwa wangu ameniletea karatasi ya maswali, na kila swali linaanza vilevile. Tueleze wakati ambapo uliongoza wenzako. Tueleze wakati ambapo ulishindwa jambo ukajifunza. Tueleze wakati ambapo ulimtuliza mteja aliyekasirika. Binti ana miaka 22. Mteja wake pekee duniani ni mimi, na nikikasirika yeye huenda chumbani akafunga mlango.

"Mjomba, anza kuuliza," akaniambia. "Na usicheke. Wale hawacheki."

Nikauliza la mteja. Akakaa wima, akashusha pumzi, akaanza kusimulia jinsi alivyokuwa kwenye zamu mgahawani, akaingia mteja anafoka kwa sababu kahawa yake haikuwekwa maziwa ya lozi. Nikamwacha aendelee kidogo. Maziwa ya lozi! Mtoto huyu tangu azaliwe kahawa anaijua ile ya kwenye birika la mkaa, na anayeiuza hana subira ya kusikiliza habari za lozi. Nikamwuliza hadithi ameitoa wapi. Kumbe wameipata mtandaoni, na darasa zima wameikariri. Basi hapo Kurasini watapita vijana kumi mfululizo, wote waliwahi kufanya kazi mgahawa mmoja, wote walitukanwa na mteja mmoja.

Tukafuta hiyo. Tukaenda kwenye lile la kutofautiana na kiongozi wako. Hapo tukakwama hasa. Tafadhali nielewe. Huyu ni mtoto wa dada yangu, amekulia Korogwe, na amefundishwa tangu anatambaa kwamba mkubwa akisema, unaitikia. Akienda kumsalimia babu yake anapiga goti. Shuleni ukitofautiana na mwalimu, mazungumzo yanaendelea kwa fimbo. Leo watu watatu wenye tai wanataka awatajie lini alimwambia mkubwa wake kwamba amekosea, na aseme kwa fahari.

Akafikiri sana, akapata moja. Kidato cha tatu aliwahi kumwambia mwalimu wa nidhamu kwamba zamu ya kufyeka haikuwa ya bweni lao.

"Ukachukua hatua gani?"

"Nikafyeka."

"Matokeo?"

"Uwanja ukawa safi, Mjomba."

Katikati ya mazoezi dada akapiga simu kutoka Korogwe, tukamweka kwenye spika. Naye alikuwa na mafunzo yake. "Mwanangu, ukifika uwaamkie wote. Usikae mpaka uambiwe ukae. Usijisifu sifu, watu hawapendi. Na wakikuuliza kitu kibaya cha mtu, sema hukumbuki." Kisha akanigeukia mimi: "Kaka, nawe usimfundishe ujeuri." Nikaitazama ile karatasi. Kila alichokataza dada kilikuwa kinaulizwa, kwa mpangilio uleule.

Nikataka kumjua aliyetuletea balaa hili, maana mtu huwa halali vizuri asipojua wa kumlaumu. Chanzo hakikuwa ofisini. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye John Flanagan alikuwa na jeshi la anga la nchi yake, wakichunguza kwa nini baadhi ya wanaojifunza urubani wanafeli, na ni nini hasa kinamfanya kamanda afae vitani. Badala ya kuwauliza watu maoni yao, wakaomba visa: nini kilitokea, nani alifanya nini. Mwaka 1954 akaiandikia makala mbinu hiyo, ikajulikana. Baadaye, mwaka 1982, Tom Janz akachapisha utafiti ulioonyesha kwamba kumwuliza mtu alichowahi kufanya kunabashiri kazi yake vizuri zaidi kuliko kupiga naye soga. Hivyo ndivyo swali lililoanzia kwa watu wa ndege za vita lilivyomfikia binti wa Korogwe anayetaka kujifunza kujaza fomu za forodha.

Na nitakiri, kwa shingo upande, kwamba ni afadhali kuliko "mtoto wa nani". Maswali ni yaleyale kwa wote, na baba yako hata angekuwa nani hawezi kukuletea kisa. Halafu watu ni wengi. Wakubwa wenzangu mnakumbuka mwaka 2014, Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70 na vijana zaidi ya 10,000 wakajaa Uwanja wa Taifa kwa usaili, wamekaa majukwaani na vyeti mapajani. Ukiwa na umati wa namna ile lazima utafute chekeche. Kinachoniuma ni kwamba chekeche hili lilisukwa kwa ajili ya watu waliolelewa kusema "mimi".

Hapo ndipo ugomvi wangu na mpwa wangu ulipoanza. Nilimwuliza kuhusu kazi za kikundi. Asaimenti za chuo mnazijua: jalada lina majina saba, mwandishi ni mmoja. Najua fika kwamba mwandishi ni yeye, kwa sababu taa ya sebuleni huwa inawaka hadi saa nane usiku na luku nanunua mimi. Lakini akisimulia ni "tuligawana", "tulijadiliana", "tukawasilisha". Nikamwuliza yule wa tano kwenye orodha alifanya nini. Akasita. Akasema alitoa pesa ya kuprinti. Wa sita? Alituma emoji ya kupongeza kwenye grupu.

"Basi sema hivyo!"

"Siwezi kuwasema wenzangu mbele ya watu, Mjomba."

Nilitaka kuacha. Nikaona niulize moja la mwisho nikanywe chai: tueleze wakati ambapo ulikuwa na rasilimali chache kuliko mahitaji. Akajibu kwamba hana. Mke wangu akapaza sauti kutoka jikoni: "Huna? Na ile ya makande?"

Kumbe binti huyu akiwa shule ya bweni alikuwa kiranja wa chakula. Mimi nilijua alikuwa kiranja, sikujua cheo. Ijumaa moja jioni mzabuni hakuleta maharage. Stoo ilibaki na nusu gunia, na wasichana walikuwa kama mia nne. Matroni hayupo, mwalimu wa zamu simu haipatikani. Akachukua sado akapima maharage yote, akapiga hesabu kwenye kuta za stoo kwa mkaa, akaona yakipikwa peke yake hayafiki nusu ya shule. Usiku uleule akamwambia mpishi aloweke mahindi. Mpishi akagoma kwamba ratiba ya Jumamosi inasema ugali. Akamjibu kwamba ratiba haijui stoo kuna nini.

Kesho yake yakapikwa makande. Alijua wakiachiwa wajipakulie, kidato cha sita watachota cha chini penye maharage, na kidato cha kwanza watapewa maji yenye rangi. Kwa hiyo akasimama kwenye sufuria mwenyewe. Alinionyesha kwa mkono jinsi alivyofanya: kila upawa anakoroga kwanza hadi chini, anachota, anafuta juu kwa mwiko usawa wa ukingo, anamimina. Upawa mmoja kwa kichwa, kidato cha kwanza wakitangulia. Kidato cha sita wakanuna, mmoja akatishia kumsemea kwa mkuu wa shule. Shule nzima ikala. Yeye akala ukoko.

Nikabaki na kikombe mkononi. Hali ipo, jukumu lipo, hatua zipo, matokeo yapo. Uongozi upo. Mgogoro na mkubwa upo, maana mpishi ni mkubwa. Na mzabuni yumo! Anasomea ununuzi na ugavi, kisa chake kina mzabuni asiyeleta mzigo, halafu anakuja kunisimulia maziwa ya lozi.

"Hiyo siyo ya kusema kwenye usaili," akanijibu. "Ni mambo ya jikoni."

Tukaanza upya. Toleo la kwanza lilikuwa "tukaloweka, tukagawa". Nikamwuliza nani alishika upawa. "Mimi, lakini wenzangu walikuwepo." Wakifanya nini? "Wakila." Nikamwambia basi waache waendelee kula, wewe sema ulichofanya.

Kikaja kikwazo kingine: usaili ni wa Kiingereza. Kisa ambacho kwa Kiswahili kina mpishi, ukoko na vitisho, kwa Kiingereza kikawa sentensi mbili. Chakula kilipungua. Nilikigawa. Basi. Upawa hakuujua kwa Kiingereza, nami sikuujua, na mke wangu akasema kwa nini tusiende na upawa wenyewe. Makande tuliyazunguka kwa kuyaita mchanganyiko wa mahindi na maharage, jambo ambalo ni kweli lakini halimpi mtu njaa. Tulifanya mazoezi hadi jirani akauliza kama kuna msiba.

Siku yenyewe akaondoka alfajiri kukwepa foleni ya Barabara ya Kilwa. Akarudi mchana, viatu mkononi. Nikamkalisha kabla hajanywa maji.

Wamemwuliza swali moja tu la hadithi, lile la rasilimali. Akatoa makande. Mzee mmoja kwenye paneli, mwenye upara, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akahamia Kiswahili: "Na yule mzabuni, mlimlipa?" Akajibu hajui, lakini yeye asingemlipa hadi alete na barua ya maelezo. Wakaangaliana. Maswali mengine yote yalikuwa ya kawaida. Unakaa wapi. Utaweza kufika saa mbili. Unajua kutumia Excel. Una laptopu yako?

"Ukajibuje?"

"Nikasema ninayo."

Nikamwuliza laptopu ipi. Akatulia, akakaa wima vilevile nilivyomfundisha, mikono mapajani.

"Mjomba, naomba utueleze wakati ambapo ulitoa kitu chako kwa manufaa ya wenzako."

Safu hii nimeiandika kwa simu, kwa kidole gumba, nimekaa sakafuni karibu na soketi pekee ya sebuleni inayoshika chaja. Mhariri akiwa na malalamiko kuhusu herufi, ayapeleke Kurasini, saa mbili asubuhi hadi saa kumi na nusu, kwa nauli yake.