Mapitio Yaanzie kwa Jirani

Katiba ya Kenya inataka mipaka ya maeneobunge ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12, na ya wadi mara kwa mara. Ya sasa ilichorwa 2012. Miaka 12 ilipotimia 2024, tume ya uchaguzi, IEBC, inayochora mipaka hiyo, haikuwa na kamishna hata mmoja: kalamu ipo, mshika kalamu hayupo. Wadi zikabaki 1,450 zile zile. Waheshimiwa wawakilishi wa wadi katika kaunti hawakuonekana kukosa usingizi, na waukose kwa nini? Kura zao wanazijua boma kwa boma. Ukigusa mpaka umegusa riziki ya mtu. Kila mmoja anaunga mkono mapitio kwa moyo mkunjufu, mradi yaanzie wadi ya jirani.