Programu Bure, Kasheshe Kuifungasha

Kuandika programu huria ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, isiyo na sifa wala shangwe, ni kuifungasha ili ifunguke kwenye kompyuta za watu wengine, iwe ni Windows, macOS au Linux. Msimbo uko wazi kwa kila mtu, lakini mtumiaji wa kawaida hana haja nao. Anataka faili moja la kubofya mara mbili, kisha aendelee na shughuli zake. Hapo ndipo usiku wa msanidi unapoishia, tena kwa kujitolea, na utetezi wake ni ule ule kokote alipo: "Mbona kwangu inafunguka!"

Kwenye Windows vituko huanza na majina. Mfumo huu hukataa faili liitwe con, aux au nul, kwa kuwa majina hayo yalitengewa vifaa tangu enzi za DOS. Mtu wa Linux akiandika aux.c bila kinyongo na mtu, mwenzake wa Windows huweza kushindwa hata kunakili mradi. Picha.png na picha.png, ambayo kwa Linux ni mafaili mawili, kwa Windows ni moja, na mojawapo huweza kufunikwa.

Mtu akivuka hapo hukutana na SmartScreen, mlinzi aliyeingia ndani ya mfumo wenyewe kuanzia Windows 8 mwaka 2012. Programu isiyo na saini ya kidijitali husimamishwa na dirisha la buluu linalotangaza kwamba kompyuta imelindwa. Kitufe cha kuendelea kipo, ila hakijitokezi mpaka yabofywe maneno madogo ya kuomba maelezo zaidi, ambayo wengi hawayaoni. Dawa ya kuanzia ni kununua cheti cha saini, na tangu Juni 2023 ufunguo wa cheti hicho lazima utunzwe ndani ya kifaa maalumu cha usalama. Kwa hiyo anayegawa kitu bure hulipia ruhusa ya kukigawa.

Apple nao wana ada yao, dola 99 kwa mwaka kwa kawaida. Tangu macOS Catalina ya mwaka 2019, programu inayosambazwa nje ya duka lao hutakiwa kwanza ipelekwe kwao ikakaguliwe. Isiyopelekwa huweza kumpokea mtumiaji kwa taarifa kwamba imeharibika na itupwe kwenye pipa la taka, ilhali ni nzima kabisa. Mtumiaji mtiifu huitupa, akaipakua upya, akaitupa tena, kisha akamwandikia msanidi kumlaumu kwa kusambaza mafaili mabovu. Kwa miaka mingi watu walielekezana kichochoro cha kubofya kulia na kuchagua kufungua. Mwaka 2024 macOS Sequoia ikakiziba, na sasa ni lazima kuingia hadi ndani ya mipangilio.

Mtu angedhani kwenye Linux, nyumbani kwa programu huria, mambo ni mteremko. Kumbe hakuna Linux moja. Debian na Ubuntu hutumia .deb, Fedora hutumia .rpm, Arch ina utaratibu wake, na kila ukoo una maktaba zake za matoleo yake. Programu iliyojengwa juu ya Ubuntu mpya hugoma kwenye ya zamani, ikidai haijapata toleo fulani la glibc, maktaba ya msingi ya mfumo. Ndiyo maana baadhi ya wajenzi hutunza kwa makusudi mfumo mkongwe wa kujengea programu mpya. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux yenyewe, alianzisha pia programu ya wapiga mbizi iitwayo Subsurface. Mwaka 2014, mbele ya wanachama wa Debian mjini Portland, alilalamika kwamba mradi wake huwatengenezea watu wa Windows na Mac mafaili yaliyo tayari, lakini wa Linux hapana, maana usumbufu umezidi. Mwenye nyumba akilala nje, mgeni amlalamikie nani?

Kuna pia suala la umri. Toleo thabiti la Debian hukaa na programu zile zile kwa takriban miaka miwili. Jamie Zawinski, mwandishi wa programu ya kulinda skrini iitwayo xscreensaver, alichoka kuletewa hitilafu alizokwisha kuzirekebisha, akaweka ndani ya programu onyo kwamba toleo hili limezeeka mno. Mwaka 2016 onyo hilo likazua mzozo na Debian.

Mifumo ya ufungashaji ya Flatpak, Snap na AppImage ilikuja kuamua ugomvi kwa kuifanya programu isafiri na mahitaji yake. Mbinu hiyo inafanya kazi, na kwa msanidi mmoja asiye na kikosi ndiyo ya kushika kwanza. Bei yake ni uzito. Kikokotoo kidogo cha Flatpak huweza kuvuta mamia ya megabaiti ya mazingira yake, na aliyenunua bando la siku humaliza bando kabla hajajumlisha mbili na mbili.

Matokeo ni kwamba kompyuta moja huweza kuwa na programu ile ile mara tatu, kila moja na toleo lake na mipangilio yake. Basi anayeripoti hitilafu na ataje mfumo wake, toleo la programu na mahali alipoipata. "Haifunguki" peke yake haimsaidii yeyote.