Namna ya Kummaliza Nondo Bila Kujimaliza Mwenyewe

Mwongozo huu ni wa mtu aliyesimama juu ya kiti na kandambili mkononi. Shuka kwanza. Yule nondo uliyemkimbiza jana usiku kuizunguka taa ya sebuleni, mpaka ukavunja glasi na kumwamsha mtoto, hajawahi kugusa nguo yako hata moja. Anayekula nguo hana habari na taa. Wakati wa vurugu zile alikuwa kabatini, kwenye kwapa la koti la harusi, anakula taratibu. Vita vya nondo majumbani tunavishindwa hapo: tunampiga asiyehusika, tunanunua dawa inayotudhuru sisi, kisha tunafunga kabati lilelile kwa mwaka mwingine. Fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Mwache huru mgeni wa taa

Mvua zikianza, huingia nondo wakubwa wa kahawia, wengine wana madoa ya macho mbawani. Wapo wanaosema ni dalili ya mgeni, wapo wanaoanza kumtazama jirani kwa jicho baya. Jirani hana kosa. Mdudu arukaye usiku huelekeza mgongo wake upande wenye mwanga, kwa kuwa tangu zamani upande wa juu ndio uliokuwa na mwanga wa anga. Balbu inampotosha: kila akiipita anageuza mgongo kuielekea, ndipo anajikuta anazunguka asijue pa kutokea. Watafiti waliowapiga picha wadudu kwa kamera za kasi walichapisha maelezo hayo mwaka 2024.

Zima taa ya ndani, washa ya barazani, fungua dirisha, ukalale. Atatoka. Na usimponde, kwani nondo wengi ni wachavushaji. Mipapai ya Kenya huchavushwa na nondo wenye mbio wanaotembelea maua wakati wa machweo. Ukimuua huyo, umejinyima papai.

2. Mtafute mwizi palipo giza

Nondo wa nguo, ambaye jina lake la kitaalamu ni Tineola bisselliella, ana urefu wa milimita 6 hadi 8 tu na rangi ya dhahabu iliyopauka. Ukifungua kabati harukii mwangani. Anatimua mbio kwa miguu na kujichimbia kwenye mikunjo. Hata huyu usimalizie hasira zako kwake, maana aliyekwisha kupata mbawa hana mdomo wa kulia chakula. Kazi yake ni kupandana, kutaga mayai 40 au 50, na kufa baada ya wiki chache. Mlaji ni mtoto wake, kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia. Kwenye joto na chakula cha kutosha anaweza kumaliza kula kwa miezi 2. Penye baridi na uhaba anaweza kuendelea hata miaka 2.

Anachokula ni keratini, protini iliyomo kwenye nywele, manyoya na sufu. Wanyama wachache sana wanaweza kuimeng'enya. Hariri pia anaila. Kwa hiyo acha kuhangaika na kanga na vitenge: pamba iliyofuliwa haimhusu, na polyester haimhusu kabisa. Vikimvutia, ni kwa sababu vimekunjwa na jasho au na mchuzi wa pilau, na hilo ni suala lako wewe na sabuni. Kagua suti ya sufu, joho, sweta la Njombe au la Limuru, shali, blanketi zito, zulia lililofunikwa na sofa, na hata ngoma iliyowambwa ngozi yenye nywele.

Washa taa ya simu. Geuza ukosi, toa mifuko nje, fuata pindo lote kwa kidole. Utaona vitundu visivyo na mpangilio, vijinyuzi vya utando, na chembe ndogo ngumu ambazo watu wengi hudhani ni mchanga. Hicho ni kinyesi, na kina rangi ya nguo aliyoila: koti la bluu, kinyesi cha bluu, shali jekundu, kinyesi chekundu. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo.

3. Usikipuuze kifuko cha ukutani

Aliyekaa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anakijua: kifuko bapa cha kijivu, chenye umbo la mbegu ya tango, kimening'inia ukutani karibu na dari au nyuma ya mlango wa bafu. Wengi hudhani ni uchafu wa saruji. Kitazame kwa dakika mbili bila kukigusa. Upande mmoja kitachungulia kichwa cheusi, miguu sita itashika rangi ya ukuta, na kifuko chote kitavutwa hatua moja. Ukimzuia njia hageuzi kifuko. Anageuka mwenyewe humo ndani na kuchungulia upande wa pili, kwa sababu nyumba yake ina milango miwili.

Huyo ni kiwavi wa nondo mwingine wa jamii hiyohiyo ya Tineidae. Kifuko amekifuma kwa hariri yake, akakipiga lipu kwa vumbi, mchanga na vipande vya rangi ya ukuta wako. Chakula chake ni utando wa zamani wa buibui, nywele zilizoanguka, mizoga ya wadudu, na sufu akiipata. Dawa ya kupulizia hupita juu ya kifuko, naye yumo ndani salama. Dawa yake ni fagio refu. Toa utando darini, fagia nywele chini ya kitanda, punguza unyevu kwa kufungua madirisha, na vifuko vyenyewe vikusanye uvitupe nje. Akikosa vumbi na utando atakosa chakula, na hatakuwa na sababu ya kubaki kwako.

4. Hamia jikoni

Nondo wa chakula ni ukoo mwingine, na hasara yake ni kubwa kuliko ya koti. Ukiona unga wa ngano, karanga au tende vimeshikana kwa nyuzi laini, mshuku Plodia interpunctella. Mbawa zake ni za kijivu karibu na kichwa na rangi ya shaba nusu ya nyuma, na jike mmoja anaweza kutaga mayai mia kadhaa. Kiwavi wake akishiba huacha unga na kupanda ukutani hadi pembe ya dari kujifunga. Ndiyo maana unasafisha kopo leo, na baada ya wiki mbili nondo wamerudi.

Tupa kilichoshikana, kuchekecha hakuondoi mayai. Osha ndoo na makopo kwa maji ya moto, ukisugua pale mfuniko unapojikaza, kisha kausha. Futa pembe za dari. Usimimine unga mpya juu ya mabaki ya zamani, hata ukiwa na haraka ya ugali.

Mahindi yana nondo wake, Sitotroga cerealella. Kiwavi wake hukulia ndani ya punje moja, na akishakuwa nondo hutoka akiacha tundu la duara. Gunia linaweza kuonekana zima huku punje zake ni maganda matupu. Kausha mahindi vizuri, pepeta, kisha weka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Ile ya PICS, iliyobuniwa na Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Afrika Magharibi, ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba. Ukiifunga barabara, wadudu humaliza hewa ya oksijeni waliyo nayo na kuishia humohumo, bila tone la dawa.

5. Dawa za kuacha dukani

Hapa naomba usome polepole. Vile vidonge vyeupe vya naftalini vinafanya kazi pale tu mvuke wake unapojaa ndani ya chombo kilichozibwa kabisa. Kabati unalofungua kila asubuhi si chombo kilichozibwa. Kiwavi anaendelea kula, na mvuke unauvuta wewe. Mbaya zaidi ni kwa watoto. Katika ukanda wetu wa malaria wapo wengi waliorithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na naftalini huvunja chembe nyekundu za damu yao. Mtoto mchanga anayevalishwa nguo za kaka yake zilizokaa mwaka mzima na vidonge hivyo anaweza kupata manjano na kuishiwa damu. Mkubwa kidogo huvidhania peremende. Kama vimo nyumbani mwako, viondoe, na nguo zote za mtoto zifue na kuzianika kwenye upepo kabla hajazivaa.

Vidonge vya kufukiza maghala visivuke kizingiti cha nyumba kabisa. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na chumba anachofia mdudu ndicho chumba anachofia mtu aliyelala.

Udi kwenye chetezo na karafuu kwenye sanduku endelea navyo, vinaipa nguo heshima. Lakini harufu nzuri haiui yai wala kiwavi, na nguo chafu iliyofukizwa ni mlo ulionukia.

6. Jua, maji ya moto na friza

Toa kila kitu kabatini. Namaanisha kila kitu, pamoja na lile begi la juu. Anika juani, geuza ndani nje, piga na sugua kwa brashi hasa kwenye mishono. Viwavi na mayai vitaanguka. Kabati lenyewe lifute mpaka kwenye nyufa.

Nguo inayohimili nyuzi 60 ifue kwa maji ya joto hilo. Suti na hariri hazihimili, basi zipeleke friza. Weka nguo kavu kwenye mfuko wa plastiki, minya hewa itoke, funga, uvishe mfuko wa pili ili koti lisirudi na harufu ya changu, kisha liache wiki 2 kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Umeme ukikatika mpaka barafu ikayeyuka, anza kuhesabu upya. Ukilitoa, usifungue mfuko papo hapo. Subiri upate joto la chumba, la sivyo unyevu utatua juu ya kitambaa.

7. Sasa vaa

Hatua hii ndiyo watu wengi huiruka. Kiwavi wa nondo anahitaji giza, utulivu na muda, na vyote vitatu hakuna anayempa isipokuwa sisi, kwa jina la kutunza.

"Mama, ile suti ya baba nivae kwenye mahafali?"

"Iache hiyo, ni ya shughuli."

Mahafali si shughuli? Suti inangoja miaka tisa, na siku ya shughuli inapofika ina tundu mgongoni. Injili ya Mathayo, katika sura ya 6, ilishaonya kuhusu nondo na hazina zilizorundikwa duniani, na wanaoijua sura hiyo vizuri ndio wenye masanduku mengi zaidi. Nguo iliyovaliwa wiki hii, ikafuliwa, ikapigwa na jua na pasi, haina nafasi ya kulea yai. Kiwavi hawezi kukaa miezi miwili kwenye koti linalotembea.

Kwa hiyo Jumamosi fungua kabati mbele ya watoto. Kilichooza kitoke. Kilicho kizima na kinakutosha kivae, hata kama siku yenyewe ni ya kwenda sokoni. Kisichokutosha mpe mtu mwenye mwili wake, leo, kingali na mikono miwili. Halafu andika kwenye kalenda tarehe ya kufungua tena, miezi miwili kutoka hapo.