Bahasha ya Kaki Juu ya Friji

Watu wengi hudhani shahada ya uzamivu humalizika siku ya kuitetea tasnifu. Mwanafunzi huingia chumbani, jopo humhoji, hutolewa nje kidogo, huitwa tena, mwenyekiti humpa mkono, na ndugu waliosubiri kwenye korido hupiga vigelegele. Kumbe hapo ndipo ngwe ya mwisho inapoanza, na ngwe hiyo msomi haimalizi peke yake. Mtihani wa mdomo humpima mwanafunzi. Karatasi zinazofuata huipima nyumba nzima. Nasema hivi kwa sababu nyumba yetu imepimwa.

Mke wangu aliandika tasnifu yake kwa Kiswahili, kuhusu msamiati wa wavuvi wa Kilwa: majina ya pepo, ya maji, ya vyombo na ya mitego. Alifaulu kwa sharti la kufanya marekebisho madogo, kama wanavyofaulu wengi. Marekebisho hayo, hata yakiwa madogo, yana utaratibu mrefu. Kila hoja ya mtahini wa nje na ya mtahini wa ndani huingizwa kwenye jedwali: alisema nini, kimefanyika nini, ukurasa upi. Mtahini wa ndani hulithibitisha jedwali. Tasnifu hupitishwa kwenye programu ya kukagua wizi wa kitaaluma. Wasimamizi husaini ukurasa wa ithibati. Ndipo kazi hupigwa chapa, hujalidiwa kwa jalada gumu lenye maandishi ya dhahabu, na kupelekwa kwenye ofisi ya masomo ya juu. Wakati huohuo kuna fomu ya kumaliza chuo, inayozunguka maktaba, idara, bweni na uhasibu, kila ofisi ikithibitisha kwamba mwanafunzi hadaiwi kitabu, ufunguo wala ada. Mwisho Seneti huidhinisha majina, na mkuu wa chuo huwatunuku wahitimu siku ya mahafali. Karatasi moja ikikosekana, jina haliingii kwenye orodha, na mhitimu husubiri mahafali mengine.

Kwa hiyo meza yetu ya chakula iligeuka ofisi. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu, alisoma hoja za watahini kwa sauti huku mama yake akitafuta kurasa. Mimi nilipewa pambizo na namba za kurasa. Pambizo ya kushoto lazima iwe pana kuliko nyingine, la sivyo fundi wa jalada akishona, maneno ya mwanzo wa mistari yanamezwa. Kurasa za awali hupewa namba za Kirumi, na namba za kawaida huanza kwenye Sura ya Kwanza. Kitinda mimba wetu alisikia orodha ya kurasa hizo za awali mara nyingi mno hata akaikariri, akawa anazunguka uani akiimba: ithibati, ikirari, tabaruku, shukurani, ikisiri! Mama yangu alikuja kutoka Morogoro kusaidia jikoni. Alipofika alimwambia mke wangu, "Mwanangu, wewe soma. Sufuria niachie mimi."

Kurasa za ithibati ndizo zilizokuwa na thamani kuliko zote. Kila nakala ilihitaji ukurasa wake, wenye saini za wasimamizi wawili kwa wino na mhuri wa idara. Mke wangu alizipata zote siku ambayo mmoja wa wasimamizi alikuwa anajiandaa kusafiri kikazi nje ya nchi. Alirudi nazo kwenye bahasha ya kaki, akaiweka juu ya friji, mahali pekee ambapo mikono ya kitinda mimba haikufika.

Wiki ile jumuiya yetu ndogondogo ilikuwa inasali kwetu. Mama akaanza kuandaa sebule tangu asubuhi. Karatasi zilikuwa kila mahali: rasimu za miaka mingi, zilizopigwa chapa upande mmoja, zimejaa kiroba barazani na nyingine zimerundikwa juu ya kabati. Mama akauliza, "Mwanangu, makaratasi haya yana kazi?" Mke wangu alikuwa kwenye simu na mtu wa uhasibu, akihangaikia malipo ambayo hayakuonekana kwenye mfumo. Akajibu, "Hayana, mama." Yeye alikuwa anazungumzia kiroba. Mama alielewa makaratasi yote yaliyo nje ya makabati. Akayakusanya, akamwita jirani yetu kijana anayeuza karanga, akampa. Karatasi nyeupe upande mmoja ni mali kwa muuza karanga: huikata vipande, akavisokota kuwa vikoni vya kupimia.

Jioni, watu wakianza kuingia na "Tumsifu Yesu Kristo," mke wangu aliinua macho juu ya friji. Nilimwona akisogeza kitambaa, akainua chombo cha maua, akashusha mkono. Kumhoji mama mkwe mbele ya wageni si jambo jepesi kwa mwanamke aliyelelewa vizuri. Alimsogelea, akapiga goti, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, ile bahasha ya kaki iliyokuwa juu ya friji, umeihifadhi wapi?"

Mama akashika kifua. "Ile? Si ulisema hayana kazi, mwanangu? Nimempa kijana wa karanga."

Hakuna aliyepandisha sauti. Nataka lijulikane hilo, kwa sababu nyumba nyingi zingevunjika saa ile. Mke wangu aliketi mkekani, akaniangalia, akasema, "Baba, profesa yuko safarini." Mwenyekiti wa jumuiya aliuliza kuna nini, akaelezwa, akafunga kitabu cha sala. "Tutasali tukirudi," alisema. Vijana wakatumwa stendi ya daladala, alikouzia karanga kijana yule, nasi tukafuata, mama akiwa mbele yetu sote, khanga kiunoni.

Kijana wa karanga alikuwa kwenye meza yake, koroboi inawaka, vikoni vimepangwa kwenye sinia. Vingi vilikuwa na maneno ya mke wangu: hapa ngalawa, pale jarife, pale nusu ya ramani ya Kilwa Masoko. Mama alipotaja bahasha, kijana akainama, akaitoa chini ya gunia.

"Hizi sikuzikata," alisema. "Nimeona mhuri. Karatasi yenye mhuri siigusi, mama. Mhuri ni mali ya mtu. Nilisema nikifunga kazi nitazirudisha."

Kijana huyo hakupita darasa la saba. Tangu siku ile nimekutana na maofisa wengi wenye vyeti wanaopokea karatasi za wanafunzi, na bado ninampima kila mmoja kwa maneno ya kijana yule. Mwenye heshima kwa kazi ya mtu haulizi kwanza inahusu nini. Huiona alama ya jasho, akaitunza.

Tulizihesabu kurasa chini ya koroboi. Mmoja haukuwepo. Huo mhuri wake ulikuwa umefifia, wino uliishia pembeni, na kijana hakuuona. Akatuelekeza kijiwe cha bodaboda, alikouza karanga mchana. Tulikuta vikoni vimetupwa, vingine vimekanyagwa na matairi. Dereva mmoja alikuwa bado ameshika kipande chake, amekikunjua, anakisoma kwa mwanga wa simu. Mke wangu akamwamkia, akamwomba akione. Haukuwa ukurasa wa ithibati. Kilikuwa kipande cha sura inayoeleza bamvua na maji mafu, kimekatwa katikati ya sentensi.

"Hiki umeandika wewe, dada?" dereva aliuliza. "Mimi ni mtu wa Kilwa Kivinje. Umesema bamvua ni maji makubwa ya mwezi mwandamo na ya mwezi mpevu. Kweli kabisa. Halafu pamekatwa. Ungeendelea, ungesema maji mafu ni siku za mwezi nusu, maji hayapandi sana wala hayatoki sana. Babu alitufundisha hivyo tukiwa watoto."

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye nusu ya pili ya ukurasa. Mke wangu alisimama pale, katikati ya pikipiki, akilia na kucheka kwa wakati mmoja. Watahini walikwishampitisha, lakini mtu huyu alikuwa ameimaliza sentensi yake kutoka kinywani mwa babu. Tasnifu ingekuwa kwa lugha nyingine, kipande kile kingebaki kifungashio tu. Dereva akaomba abaki nacho. Akapewa.

Ukurasa uliopotea haukupatikana. Kesho yake ofisi ilisema waziwazi: nakala zote zikamilike, la sivyo hazipokelewi. Msimamizi wa kwanza alisaini ukurasa mpya palepale, idara ikagonga mhuri, tena kwa nguvu. Saini ya pili ilibidi isubiri. Binti yetu aliandika tarehe ya kufungwa kwa orodha ya Seneti kwenye kalenda ya ukutani, nasi tukawa tunaipita kila asubuhi tukienda kazini. Hatukukaa bure. Maktaba ilidai kitabu. Kikatafutwa, kikapatikana, kikarudishwa. Malipo yaliyopotea kwenye mfumo yakathibitishwa kwa stakabadhi ambayo mke wangu alikuwa ameitunza tangu mwaka wa kwanza. Fomu ikajaa saini, nafasi moja baada ya nyingine.

Profesa aliporudi, orodha ilikuwa inakaribia kufungwa. Mama akasema, "Ukurasa huu naupeleka mimi." Mke wangu akajaribu kumzuia kwa upole, mama akakataa. Alivaa gauni la kanisani, akaibeba bahasha kifuani kwenye daladala, akakaa kwenye benchi la korido hadi mlango ulipofunguliwa. Profesa, mtu mzima mwenye mvi, alipomwona alisimama na kusema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyepoteza saini yako. Nimekuja kuiomba tena."

Kabla ya kumkabidhi kalamu, mama aliusoma ukurasa mzima kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye mstari wa jina la profesa. Alijifunza kusoma akiwa mke kijana, katika madarasa ya jioni kijijini. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na nchi nzima watu wazima wakakaa chini ya miembe na daftari magotini. Mwaka 1973 vikundi vilisikiliza redio na kusoma vijitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Mama alikuwa mmoja wao. Profesa alimsikiliza amesimama, kisha akasaini.

Tasnifu ilipokelewa, jina likaingia kwenye orodha. Siku ya mahafali mada yake ilisomwa ukumbini kwa Kiswahili, na kijana wa karanga alikuwepo, kwenye kiti cha mgeni wetu, kwa kadi ya mwaliko ambayo mke wangu aliiandika kwa mkono wake. Nakala yetu moja imebaki nyumbani, na mama anaisoma. Amekwisha kuuliza maswali kuhusu kaskazi na kusi ambayo hata jopo halikuyauliza.

Ninaamini vyuo vyetu vinaweza kupunguza maumivu haya kwa jambo dogo: siku ileile ya utetezi, mwanafunzi akabidhiwe karatasi moja inayoonyesha kila hatua iliyobaki, kila saini, kila ofisi na kila tarehe ya mwisho, asome mwenyewe na awasomee watu wake. Nasi wa nyumbani tuna wajibu wetu. Tujue ukurasa wa ithibati ni upi. Tumpe msomi kabati lenye ufunguo. Tuulize mara mbili kabla ya kutoa karatasi, na ajali ikitokea tutoke wote kutafuta, kama jumuiya ilivyofunga kitabu cha sala ikatoka. Wapo watu waliotetea tasnifu zao kwa ushindi, kisha wakakwama kwenye fomu, kwa kuchoka na kwa upweke, mpaka muda wa usajili ukawaishia. Akili haikuwapungukia. Walikosa watu wa kwenda nao stendi usiku.