Chozi, Lenzi na Dumu la Mzee

Shati limeshakauka, Lodwar hukausha shati kabla hujamaliza kulikamua. Aibu ndiyo ingali mbichi.

Nilikuwa nimelala kifudifudi kando ya mto Kawalase, ambao kwa sasa ni mchanga mtupu, kitambaa cha kijani kichwani, nikimvizia chozi. Ndege huyu ana fitina. Ile kijani inayokufanya uuze mbuzi ununue lenzi, hanayo. Ndani ya manyoya yake mna chembe nyeusi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba ajabu, na rangi huzaliwa pale mwanga unapozipiga. Jua likiwa mgongoni mwako naye akakugeuzia kifua, anawaka. Akigeuka kidogo tu, ni kipande cha makaa. Haya, mkaribie sasa. Kwa lenzi ya milimita 400, ukiwa mita tatu kutoka kwake, kinachotoka wazi ni unene wa sentimita mbili hivi. Jicho ukilipata, mkia umeukosa. Na jua la huku halipandi, linaruka: saa moja liko usawa wa macho, ikifika saa tatu hewa juu ya mchanga inachezacheza, na hakuna lenzi, hata ya bei ya ngamia, inayoweza kuituliza.

Saa mbili na nusu chozi akageuka. Akawaka. Kidole kikagusa kitufe, na dumu zima la maji likanishukia kisogoni.

"Yuko hai!" mzee mmoja akatangaza, ekicholong, kigoda chake cha Kiturkana, mkononi, kwa vijana wa bodaboda waliokuwa tayari wanabishana nauli ya kunifikisha hospitali. Nikajieleza. Akanisikiliza kwa huruma.

"Kwa hiyo umelala juani kwa ajili ya ndege ambaye humli?"

Chozi akashuka kunywa kwenye tope langu. Kamera ilikuwa imezima.

Siku nyingine, huko Kakuma, askari aliiona lenzi yangu akauliza bunduki ni ya nani.

Hayo nayameza. Lisilomezeka ni hili: tangu kambi ya Kakuma ifunguliwe mwaka 1992, na hata kabla yake, kamera zimekuja Turkana kupiga mbavu za watoto, mizoga ya mbuzi na akina mama wenye madumu matupu, na wenye kamera hizo wakapishwa njia. Anayehojiwa ni mpiga picha wa ndege.

Hatimaye nilimpata ndege mwingine, kwezi, juu ya paa la kibanda cha chai, akimetameta. Nikamtumia mhariri mmoja wa Nairobi. Alijibu upesi: picha nzuri sana, lakini je, ninayo ya ukame?