Sifa za Chungu Kilicholala

Barazani kwangu, Buyenzi, Bujumbura, kuna chungu cha udongo mkavu. Kwa kweli ni bidoni ya manjano iliyokatwa nusu na kutobolewa chini kwa msumari wa moto, lakini leo tumekaa kukisifu, basi tukipe jina la heshima. Ndani hamna jani wala kijiti. Hata magugu, ambayo huota kwenye nyufa za sementi bila kualikwa, yamekataa kuota humo. Kuna vizibo viwili vya soda na kipande cha sigara alichokizima mgeni wa Jumapili. Huu ni mwaka wa sita nakitunza, na kila mwaka, kwa miezi minne, ninachotunza ni udongo.

Majirani wana mimea inayoeleweka. Huyu ana mchaichai, yule lengalenga, yule wa kona ana mlimao uliopandwa kwa mbegu na tayari una miiba. Wapita njia hunisalimia vizuri, macho yao huteremka mpaka kwenye bidoni, kisha huniuliza hali yangu kwa mara ya pili.

Kilicholala humo ni kitunguu, ukubwa wake kama ngumi ya mtu mzima. Mwaka 1838 mtaalamu wa mimea Rafinesque alikipa jina Scadoxus multiflorus, yaani chenye maua mengi. Sisi nyumbani tunasema tu “lile jekundu”. Kwao ni Afrika nzima ya joto, kuanzia Senegal hadi Ethiopia na kuteremka mpaka Afrika Kusini, kwa hiyo hapa hakuna wa kukiita mgeni. Mvua za kwanza zikinyesha hutoa bua moja, na juu ya bua tufe jekundu ambalo ukilikaribia unakuta ni maua madogo kwa makumi, pengine mia na zaidi, kila moja limenyoosha vijinyuzi vyake kama paka aliyeshtuka. Hudumu wiki moja, zikizidi mbili. Yanafuata majani, yanakaa masika yote, na ifikapo Juni yanageuka manjano na kulala chini. Hapo ndipo kitunguu kinaanza kazi yake rasmi, ambayo ni kutofanya lolote.

Wavivu nimewajua wengi, na wote walikuwa na kasoro moja: walikula. Huyu hali. Tarehe 1 Julai, sikukuu ya uhuru wa 1962, nchi nzima inapiga gwaride. Chungu changu hakinyanyui hata unyasi. Wakati wa kiangazi, msimu ambao Warundi huuita Ici, Julai inaweza kwisha bila tone. Vumbi linakaa juu ya kila kitu, mabomba yanakohoa hewa, na watoto wanapanga bidoni kwenye foleni tangu alfajiri. Katika mji wenye kiu namna hiyo, nitajieni mkazi mwingine ambaye si tu haombi maji, bali ukimpa atakufa.

Atakufa kweli, na mimi ni shahidi, maana wa kwanza nilimuua mwenyewe. Ilikuwa Agosti. Nilimwonea huruma. Kila jioni, nikishanawa kwa maji ya kupima, nilikuwa nambakizia kikombe kimoja, nikijiona mtu mwema. Baada ya wiki tatu nilifukua kwa kijiko nione kama amechipua. Ganda la nje lilikuwa zima, la kahawia, kavu kama karatasi. Nilipolibonyeza, kidole kilizama mpaka pingili ya pili, kama kwenye parachichi lililosahauliwa garini, na ikatoka harufu iliyonifuata ndani. Mizizi iliyolala hainywi. Maji yanabaki yamesimama kwenye udongo, kuvu inapata makazi, na kitunguu kinaoza kwa wema wako.

Basi hii ndiyo sifa yake kuu, na sijaona mnyama, mmea wala binadamu anayeifundisha hivi: kinakulazimisha ukae mbali. Kukaa mbali ni kazi ngumu. Jaribuni. Jaribuni kupita mara sita kwa siku mbele ya kitu mnachokipenda bila kukigusa, kukichimbua kidogo, wala kukihamisha kivulini na kukirudisha. Nimewaona wanaume walioacha pombe wakishindwa.

Hata hivyo lazima niseme kweli: uvivu wake una doa. Nasikia kwa wajuzi, na mwenyewe nimewahi kukipasua kimoja nikaona, kwamba zile tabaka zake ni sehemu za chini za majani zilizonenepa kwa wanga na maji, na katikati, wakati wote tunapodhani kimelala, ua la mvua zijazo limeshaanza kuumbika. Vitunguu vingi vya porini vina hata mizizi inayojikunyata na kuvivuta chini zaidi ardhini. Nilivunjika moyo kidogo. Nilikuwa nimekisifia uzembe miaka miwili mfululizo.

Na si kila kitunguu kinafaa kusifiwa hapa. Mpwa wangu alirudi kutoka Cape Town na mfuko wa karatasi wenye vitunguu vya frisia. Mvua ya Cape Town hunyesha kwenye baridi, kati ya Mei na Agosti, na vitunguu vya huko hulala Desemba, wakati sisi tunakimbia matope. Isitoshe, bila ubaridi havitengenezi ua, na Bujumbura iko ufukweni mwa Tanganyika, ambalo uso wake hauzidi mita 780 juu ya bahari. Ubaridi tunausikia kwa watu wa Bururi. Frisia zilitoa majani membamba kama tambi, zikajilaza ukingoni mwa chungu, zikafa zikitazama kusini. Vya upande wa mashariki wa nchi hiyo hiyo, KwaZulu-Natal na milima ya Drakensberg, hunyeshewa kuanzia Oktoba na kukauka katikati ya mwaka kama sisi, na hivyo vinaelewana na kalenda yetu. Kwa hiyo ukiletewa kitunguu kutoka Afrika Kusini, uliza kwanza mvua ya kwao hunyesha mwezi gani. Kitunguu kingine cha Afrika Kusini, Cyrtanthus ventricosus, huchanua tu baada ya moto kupita porini. Huyo simtaki. Majirani wamevumilia udongo, moto hawatavumilia.

Mwaka juzi shangazi alikuja kutoka Rumonge na ndagala zake. Asubuhi nilimkuta ameinama juu ya chungu na kisu mkononi.

“Mwanangu, humu kuna kitunguu kizima, nawe unanunua sokoni?”

Nilimwomba akirudishe. Nilimweleza kwamba kina sumu, kwamba watu wa zamani walikitumia kwenye mishale na kulevya samaki mtoni. Alikirudisha, akakung'uta mikono kwa pembe ya kitenge, akakaa.

“Hakiliwi. Hakionekani. Kinaua. Sasa unakipendea nini?”

Sikuwa na jibu, na mpaka leo natafuta. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Hapa mvumilivu akila, tutamzika.

Oktoba ikifika, siku mbili tatu baada ya mvua ya kwanza nzito, udongo hupasuka na ncha nyekundu hutokea, nene kama kidole gumba. Mwaka jana ua lilikuwa wazi tarehe 13, siku ya kumkumbuka Mwanamfalme Rwagasore, shujaa wa uhuru. Waliokuwa wakiniuliza afya yangu walisimama na simu zao. Wakaomba miche. Mmoja alisema siku zote alijua kuna kitu humo.

Nami, kusema kweli, siku zile za tufe jekundu huwa naona haya kidogo. Ua ni ua, kila mtu anaweza kulipenda. Nilichokizoea ni ule udongo wa Agosti ambao ni mimi peke yangu ninayeuamkia.

Basi ukipita Buyenzi kiangazi hiki ukaona bidoni iliyokatwa, imejaa udongo mkavu, karibu barazani, chai ipo. Sigara yako zimia kwingine. Na maji uliyobakiza kwenye glasi, tafadhali, yanywe mwenyewe.