Sentensi ya Watu Saba

Washairi wa Paris, akina André Breton, walipoanza mnamo 1925 kuunga sentensi kwa zamu, kila mtu akitia neno lake juu ya karatasi iliyokunjwa asilione la mwenziwe, angalau walikuwa na udhuru wa kutoona. Ama sisi saba wa kundi la simuni, tunaocheza mchezo huo huo huku tukiyaona yote yaliyotangulia, juzi tulianza na "kitabu," na kabla ya adhuhuri kilikuwa kimekwisha olewa, kikazaa, kikashtakiwa kwa kadhi. Fundi wa sarufi (hakosekani) hakutia neno lolote ila kutukumbusha upatanisho wa ngeli. Nami, niliyengoja zamu yangu tangu alfajiri na neno la Kiarabu lililonigharimu usiku mzima wa kamusi, nikakuta mwenzangu amekwisha tia nukta.